Vidonge vya kushika mimba, na siku zimechelewa

Mdogo wangu pole na presha, umesema umenunua vidonge vya kushika mimba Kariakoo, umemeza wiki tatu na sasa siku zimepita tano, unauliza uendelee au uache. Acha kwanza, kesho asubuhi pima mkojo, halafu nenda kliniki na kichupa chenyewe mkononi, usiende kuhadithia.

Geuza hicho kichupa usome nyuma. Ikiwa ni foliki asidi, yaani ile vitamini ya kundi B, mikrogramu 400 kwa siku, hiyo haina shida na ndiyo inayotakiwa tangu kabla ya mimba hadi wiki 12, maana mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itunge, wengi hata hawajajua kama wana mimba, na ndo inapunguza hatari ya mgongo wazi. Ila ukiona vitamini A aina ya retinoli, tena dozi kubwa, hiyo inaweza kumlemaza mtoto. Na clomiphene, ile ya kuchochea mayai yatoke, ni dawa ya daktari kabisa, mjamzito hamezi.

Mimi niliwahi kuletewa kichupa cha "mitishamba ya uzazi", kukwangua lebo kwa kucha chini kuna lebo nyingine! Kitu kama hicho usimeze hata kimoja, angalia kama kimesajiliwa TMDA, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania. Na kama una kisukari au unatumia dawa za kifafa waambie kliniki mapema sana, dozi yako ya foliki huwa kubwa zaidi, wao ndo watakupangia.