Muulize Mwalimu: Bendera ya Walioshindwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza mitumba hapa Mlango Mmoja, Mwanza. Kwenye belo la mwisho zimetoka fulana zenye bendera nyekundu, msalaba wa buluu wa mshazari na nyota nyeupe. Vijana wa bodaboda wanazigombania. Akapita mgeni, Mmarekani mweusi, uso ukambadilika. Akasema hiyo ni bendera ya watu waliopigania utumwa wakashindwa. Kama walishindwa, mbona kwao wanatukuzwa hadi leo? Na mzigo huu niufanyeje?
Muuza mitumba, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na mzigo: usiuuze. Najua belo halirudishwi, lakini mafundi gereji wananunua matambara ya pamba kila siku. Zikate.

Mgeni wako kasema kweli. Ni bendera ya vitani ya majimbo 11 ya kusini mwa Marekani yaliyojitenga na kupigana na serikali kuu, 1861 hadi 1865. Nyota ni 13 kwa sababu waliyahesabu na Kentucky na Missouri, ambayo hayakuwahi kuwa yao sawasawa. Sababu waliitaja wenyewe: Machi 1861, makamu wa rais wao, Alexander Stephens, alisema mjini Savannah kwamba msingi wa serikali yao ni mtu mweusi kutokuwa sawa na mzungu.

Wakashindwa. Ila mashamba yalibaki mikononi mwao, na baada ya miaka michache serikali za majimbo nazo zikawarudia. Sanamu nyingi hazikujengwa na wafiwa wakiwa bado matangani. Ya Jenerali Lee, kamanda wao mkuu, pale Richmond uliokuwa mji mkuu wao, ilisimamishwa 1890, mwaka uleule jimbo la Mississippi lilipotunga katiba ya kuwanyima weusi kura. Mwaka 1894 mabinti wa wapiganaji wakaunda chama, wakachangisha sanamu na kuchuja vitabu vya shule, watoto wafundishwe kwamba baba zao walitetea haki za majimbo, si utumwa.

Lakini Kusini haikuwa ya wazungu peke yao! Watumwa walikaribia milioni 4, na Kusini iliposhindwa, wao walishinda. Nao walikumbuka. Huko Charleston, jimbo la South Carolina, Kusini walikuwa wameufanya uwanja wa mbio za farasi gereza la kufungia askari wa Kaskazini, yaani wa serikali kuu. Waliofia humo, zaidi ya 250, walifukiwa kiholela. Mji ulipokombolewa, wafanyakazi weusi waliwafukua, wakamzika kila mmoja kwa heshima, wakajenga uzio na kuupaka chokaa. Tarehe 1 Mei 1865 wakaja watu wapatao 10,000, watoto wa shule mbele, wameshika waridi na kuimba. Baadaye makaburi yakahamishwa, na mahali hapo pakawa bustani yenye jina la Wade Hampton, jenerali wa walioshindwa. Hilo linaniuma kuliko sanamu zote.

Katika mji huohuo, Juni 2015, kijana mzungu aliyekuwa akipiga picha na bendera hiyo aliwaua waumini 9 weusi kanisani. Julai, jimbo likaishusha kutoka viwanja vya bunge lake.