"Dinner" na "supper": usikimbilie kuandika chajio

Wewe unayeanza kazi ya tafsiri, pokea kosa langu hili usije ukalirudia. Zamani nilipewa hadithi ya watoto wa shule kaskazini mwa Uingereza. Kila nilipokutana na "dinner" niliandika "chakula cha jioni", tena bila kusita. Basi watoto wangu wakala chakula cha jioni, wakafuta midomo, wakarudi darasani kwenye somo la hesabu. Mhariri hakusema neno. Alizungushia duara sentensi ile, akaweka alama ya kuuliza.

Kilichoniponza ni mazoea ya Kiswahili. Sisi mlo tunauita kwa wakati wake: chamcha cha mchana, chajio cha jioni. "Dinner" haliangalii saa, linaangalia uzito: ndio mlo mkuu wa siku, uwe saa saba mchana au saa mbili usiku. Asili yake ni Kifaransa cha kale, na nyuma zaidi Kilatini, kwa maana ya kufungua kinywa! Kaskazini mwa Uingereza wengi bado huita mlo wa mchana "dinner", na ule wa jioni "tea". Hapo napo kuna mtego, maana utawanywesha watu chai ilhali wanakula viazi na nyama. "Christmas dinner" nayo huliwa sana mchana au alasiri.

"Supper" ni jamaa ya neno supu, na ni la jioni au usiku, kwa hiyo chajio linalitosha. Ila lina harufu ya nyumbani: mlo mwepesi, usio na makuu. Mwingereza wa tabaka la juu akikualika "supper", huenda mkala jikoni. Akisema "dinner party", piga pasi shati. Kusini mwa Marekani, hasa kwa wazee, "dinner" ni ya mchana na "supper" ya jioni.

Ukiandika Kiingereza, sema "have dinner" bila "a"; "a" huja ukiongeza sifa, kama "a good dinner". Na hesabu herufi: "diner" yenye n moja ni mlaji, au mgahawa.

Siku hizi kabla ya kutafsiri natafuta dalili ya saa: taa imewashwa, mtu anarudi kazini, watoto wanalazwa. Nisipoiona naandika "walikula", naendelea.