Kiwanda cha unga kinanipa milioni moja. Nisaini?

SWALI: Shikamoo. Nimemaliza shahada ya sayansi na teknolojia ya chakula pale SUA. Kiwanda cha unga Dar kinanipa kazi ya udhibiti ubora kwa shilingi 1,000,000 kabla ya makato. Niliyesoma naye yuko kiwanda cha bia, analipwa karibu mara mbili. Napunjwa?

JIBU: Marahaba. Anza na kitakachoingia benki. Kama milioni yote ni mshahara wa msingi, NSSF inachukua 100,000. Kodi inapigwa kwenye 900,000 iliyobaki: 68,000, jumlisha asilimia 25 ya kinachozidi 760,000, jumla 103,000. Ukiwa ulisoma kwa mkopo, Bodi inakata asilimia 15, yaani 150,000. Mkononi unabaki na 647,000, na mwenye nyumba hajagonga mlango.

Uliza pia habari za zamu, maana vinu vya unga huwa havilali. Kwa sheria, saa za usiku zina nyongeza ya asilimia 5, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Wengi hawaulizi, na hawalipwi.

Sasa huyo mwenzako. Hakushindi akili. Tangi moja la bia likichacha ni hasara ya mamilioni mengi, na mwenye mali anajua kumlipa anayeilinda. Ndivyo ilivyo hata kwenye minofu ya sangara Mwanza: Ulaya ilipofunga soko mwaka 1999 kwa hofu ya samaki kuvuliwa kwa sumu, wenye viwanda walijionea thamani ya mtu wa ubora. Kwenye unga wa sembe faida ya kila kilo ni nyembamba, na wewe utalipwa humohumo.

Mimi nilianzia kwenye mahindi. Shahada haikuniongezea senti baada ya kuajiriwa. Kilichoniongezea ni cheti cha HACCP (mfumo wa kubaini na kudhibiti hatari kwenye chakula), kisha mafunzo ya ukaguzi wa ISO 22000, kiwango cha kimataifa cha usalama wa chakula, na asubuhi moja niliyokataa Fuso lisishushwe. Mahindi yalikuwa meupe, yanavutia, ila kipimo cha sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, kilisoma zaidi ya mara tatu ya kikomo cha mikrogramu 10 kwa kilo. Meneja manunuzi alininunia wiki nzima. Mwenye kiwanda aliniita ofisini, na mwezi uliofuata mshahara ulipanda. (Shahada ya uzamili isubiri. Kiwandani hailipi haraka kama watu wanavyodhani.)

Kwa hiyo kabla ya kusaini, omba kuona maabara. Wana kifaa cha kupima sumukuvu? Wanapima kila gari kabla halijashushwa? Na ukisema mzigo urudi, unarudi? Kama ndiyo, saini, ila waandike kwenye mkataba kwamba watakulipia mafunzo ya HACCP ndani ya mwaka wa kwanza. Hicho kipengele wanakikubali kirahisi kuliko nyongeza ya laki mbili. Kama kazi yenyewe ni kusimama getini kupima uzito wa mifuko, endelea kutafuta.