Saumu Ina Futari: Wiki Mbili za Kunywa Tu Kabla ya Upasuaji

Nilipoambiwa nitakaa wiki mbili bila kutafuna chochote kabla ya upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula ili nipungue uzito, sikushtuka. Nimefunga Ramadhani tangu utotoni, na mara nyingi nafunga Jumatatu na Alhamisi. Nikasema moyoni, hili nalijua. Nilikosea, na naliandika kosa lenyewe kwa sababu hapa Mombasa wengi wetu tutaingia kwa mlango huohuo.

Saumu ina futari. Mwili unajua kwamba magharibi ikiadhiniwa kuna tende, kuna uji, kuna viazi vya nazi, na huko mbele ndiko unakopata nguvu ya kuvumilia. Hizi wiki mbili hazina magharibi. Jua likizama unakunywa glasi ileile uliyokunywa asubuhi, na kesho vivyo hivyo.

Kwa mazoea ya kufunga, siku tatu za kwanza nilikunywa kidogo asubuhi kisha nikajikaza kutwa dukani, nikiona kwamba kustahimili njaa ndiyo kazi yenyewe. Siku ya nne nikawa jikoni nawapikia watoto biriani ya kuku. Nikafunua sufuria niangalie chumvi, mvuke wa iliki na vitunguu vya kukaanga ukanijia usoni, na kufumba na kufumbua kiazi kimo mdomoni. Sikukusudia. Nilisimama na kiazi kile cha moto ulimini, machozi yananitoka, sijui nimeze au niteme. Nikakitema. Kisha nikachukua kingine nikakila.

Kesho yake nilimpigia mtaalamu wa lishe, nikamweleza yote. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Jana kabla ya hapo ulikunywa lini?" Nikakumbuka: saa nne asubuhi. Biriani niliipika saa kumi na mbili jioni.

"Usingoje njaa, dada," akaniambia. "Kunywa kwa saa."

Nikaweka kengele tano kwenye simu: saa moja asubuhi, saa nne, saa saba, saa kumi, na saa moja usiku. Ikilia, nakunywa, niwe na njaa au nisiwe nayo. Mara nyingi ilikuwa glasi ya maziwa yaliyotolewa mafuta yenye unga wa protini, mara nyingine supu iliyochujwa. Kati ya hizo ni maji, funda kwa funda, hadi yafike lita mbili kwa siku. Mpango wangu ulikuwa wa kalori baina ya 800 na 1,000, na protini gramu 60 hivi. Wako atakupangia daktari wako, usichukue wa mtu. Lakini hizo kengele tano chukua, tafadhali. Tangu siku ile njaa haikunishinda tena. Jambo la pili nililobadilisha ni jiko. Kama wewe ndiye mpishi wa nyumba, toka. Mwombe wifi, binti mkubwa, mume, yeyote. Chumvi aonje mwengine.

Mzito zaidi alikuwa mamangu. "Mtu akienda kupasuliwa hulishwa apate nguvu," alisema, "wewe wanyimwa?" Na ana haki ya kuuliza, ndivyo tulivyolelewa. Maneno ya kalori hayakumwingia. Nikamweleza habari ya ini.

Ini limeulalia mfuko wa chakula kwa juu. Daktari anaingia kwa matundu madogo na kamera, na ni lazima aliinue ini ndipo aufikie mfuko. Sisi wenye uzito mkubwa, aghalabu ini letu limejaa mafuta, limevimba, na ni rahisi kuchanika likatoka damu. Ukipunguza wanga na sukari, mwili hutumia kwanza ile akiba ya sukari iliyomo ndani ya ini, iitwayo glaikojeni, ambayo huhifadhiwa pamoja na maji mengi. Akiba ikiisha, mwili unageukia mafuta. Ini linasinyaa, daktari anapata nafasi. Lisiposinyaa, huenda akalazimika kukupasua kwa mkato mkubwa, au kuahirisha kazi.

Mamangu ameosha maini ya mbuzi kila Idi, maisha yake yote. Alinyamaza kidogo, akasema, "Lile la mafuta, lililopauka rangi, ukilishika lavunjika mkononi."

"Ndilo hilo, mama."

Siku iliyofuata alikuja na supu ya mifupa. Aliipika usiku, akaiweka kwenye friji mpaka mafuta yakaganda juu, akayatoa yote kwa kijiko, kisha akaichuja mara mbili kwa kitambaa chake cha kuchujia tui. Ilikuwa nyepesi kama chai, ina tangawizi, ndimu na chumvi yake. Kwa joto hili letu, jasho linavyotutoka, chumvi hiyo ndiyo iliyonitoa kizunguzungu.

Si kila kinachomiminika ni ruhusa. Hapa wengi huteleza. Maji ya miwa, maji ya ukwaju yaliyotiwa sukari, soda, sharubati ya maembe: vyote ni sukari, na vitalirudishia ini kile unachojaribu kulitoa. Tui ni mafuta. Uji ni wanga. Hata dafu, ambalo nililiona halina neno, nilikatazwa kunywa ovyo kwa kuwa lina sukari yake. Kilichoniliwaza ni kahawa chungu. Niliruhusiwa kikombe kimoja kidogo kwa siku, na mzee mwenye dele akipita dukani jioni nilikuwa wa kwanza kumwita. Kashata niliwaachia wenzangu. Mdomo ukitamani kutafuna, na utatamani kuliko tumbo, gandisha maji ya ndimu kwenye friji utafune barafu.

Baina ya siku ya tatu na ya tano kichwa kitauma, utasikia baridi hata Mombasa, utakuwa mkali kwa watoto, na pumzi itanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, kwa sababu ya ketoni zinazotoka mafuta yanapochomwa. Haya hupungua. Choo nacho huwa kigumu. Uliza dawa mapema, usingoje wiki ya pili. Na ukiona mizani imeshuka kwa kasi siku za mwanzo, jua mengi ni maji.

Kwa watu, maneno mawili yalinitosha: "Daktari amenikataza." Ukweli huo hauhitaji ufafanuzi, hata harusini. Habari kamili waliijua watu watatu tu.

Ninalokuomba ulishike kuliko yote ni la dawa. Kama unatumia insulini, au vidonge vya sukari vya aina ya glibenklamidi au gliklazaidi, usianze hata siku moja kabla daktari hajakupangia upya kipimo. Chakula kinapungua ghafla, dawa inabaki na nguvu ileile, na sukari inaweza kushuka vibaya. Dawa za presha pia huenda zikahitaji kupunguzwa. Vidonge vyangu vya sukari vilipunguzwa, na bado siku moja nilitetemeka dukani, jasho baridi, moyo wanienda mbio. Nilikoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji nikanywa palepale, nikapima, nikapiga simu hospitali. Wala sikuona nimeharibu mpango. Wakati huo sukari ni dawa. Na saumu za sunna niliziacha wiki zote mbili.

Usiku wa mwisho nilikunywa supu ya mamangu saa moja kama kawaida, kisha nikafuata saa nilizopewa hospitali za kuacha kunywa kabisa. Nilipozinduka, kitu cha kwanza kunywa kilikuwa maji kwenye kile kikombe kidogo cha dawa, mililita 30, na yalichukua muda kumalizika. Vinywaji viliendelea wiki mbili nyingine kabla ya vyakula vya kusaga. Kwa hiyo chujio na kitambaa usiviweke mbali, na kengele za simu usizifute.