Jibu: Kuficha #DIV/0! na #N/A kwenye Excel

Mkuu, umeuliza namna ya kuondoa #DIV/0! kwenye kolamu ya wastani na #N/A (yaani kilichotafutwa hakikupatikana) kwenye kolamu ya bei inayotumia VLOOKUP, fomula ya kutafuta thamani kwenye jedwali, ili ripoti iende kwa bosi ikiwa safi. Usizitibu zote kwa dawa moja.

#DIV/0! inatokea kwa sababu unagawanya kwa sifuri au kwa seli tupu. Kagua kigawanyo chenyewe: =IF(B2=0,"",C2/B2). Kosa la aina nyingine likitokea, bado utaliona.

Kwenye bei tumia IFNA, inayoshika #N/A peke yake, ipo tangu Excel 2013 (hapa Bei ni jina la shiti yenye orodha ya bei): =IFNA(VLOOKUP(A2,Bei!A:B,2,FALSE),"Haipo"). Wengi watakwambia uweke IFERROR. Inafanya kazi, ila inafunika kila kitu, hata #REF!, kosa linalotokea fomula inapoelekezwa kwenye kolamu iliyofutwa. Niliwahi kufunga hesabu za stoo nikiwa nimeweka IFERROR yenye 0 kila mahali. Mtu akafuta kolamu ya bei, jumla ikaporomoka na hakuna aliyeonywa. Nakuomba sana, usiandike 0 mahali ambapo jibu halijulikani. AVERAGE itaihesabu hiyo sifuri, lakini maandishi inayaruka.

Na kabla hujaificha #N/A, angalia kama kuna nafasi tupu mwishoni mwa jina la bidhaa. Mara nyingi huyo ndiye mchawi, na TRIM, fomula ya kufuta nafasi za ziada, inamtoa.

Kama shida ni karatasi ya kuprinti tu, nenda Page Setup, Sheet, kisha kwenye Cell errors as chagua blank. Fomula zako hazitaguswa.