Shangazi, mume ananipiga mbele ya watoto

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina watoto 2, mmoja wa miaka 4, mwingine bado ananyonya. Mume akirudi amelewa ananipiga, yule mkubwa akisikia tu geti anakimbilia uvunguni na siku hizi ameanza tena kukojoa kitandani. Mama mkwe ananiambia vumilia, mume anasema nikiondoka watoto nawaacha. Nifanyeje? – Mama wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Huyo mtoto usimchape kwa kukojoa, ni woga huo. Na hicho kitisho cha watoto kisikufunge, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenza wake, na mtoto chini ya miaka 7 mahakama huanza kwa kuona kwamba akae na mama, labda ithibitishwe vinginevyo. Nenda polisi uombe Dawati la Jinsia na Watoto, wakupe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, utibiwe, maumivu yaandikwe hospitali, ndo ushahidi wako huo. Kuhusu watoto unaweza pia kupiga 116, namba ya msaada kwa watoto, bure. Ila usimtangazie mume unaondoka maana hapo ndo wengi huumizwa vibaya, kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa na nguo chache peleka kidogo kidogo kwa jirani unayemwamini (sio kwa mawifi jamani!), na mkubwa mfundishe akisikia kelele akimbilie kwa huyo jirani, asije kuamulia. Mama mkwe muitikie tu, yeye hapigwi.