Mwanao ana usonji, usimtoe shule bado

Dada yangu wa Ngamiani, pole sana. Umeuliza umhamishe mwanao wa darasa la pili au la, maana ana usonji (autism, yaani ubongo wake hupokea sauti, maneno na mambo yanayomzunguka kwa namna tofauti na wengine), hukimbia nje kengele ikilia, na mwalimu mkuu kashakwambia shule yake haimfai.

Usimtoe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma shule ya kawaida na kupata msaada anaouhitaji. Nenda halmashauri kwa afisa wa elimu maalumu, umwombe mwalimu aliyesomea fani hiyo, mfano kule Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu kilichopo Arusha, aje amwangalie mtoto akiwa darasani. Mwalimu huyo asigeuzwe yaya wa mtoto mmoja. Amwelekeze pia mwalimu wa darasa namna ya kumsaidia.

Kuhusu kengele: rimu la gari likigongwa linamuumiza kikweli, huo si utundu. Mwalimu amwoneshe picha ya kengele dakika chache kabla, amkalishe mbali na inapogongwa, tena amruhusu kutoka mapema. Mchoreeni na ratiba ya kadi: mstarini, hesabu, uji, kusoma, nyumbani. Kila kipindi kikiisha ageuze kadi mwenyewe. Maagizo yawe mafupi, moja moja. Na tafadhali, asichapwe kwa kuziba masikio! Hilo linaniuma mno.

Mwalimu mkuu akishikilia msimamo wake, mwombe aandike sababu kwa barua, nakala uipeleke kwa afisa yuleyule.